Picha ya Saa Kumi

Kitinda hakuwa mwizi, lakini Alhamisi ile aliiba ukurasa mmoja wa gazeti la tajiri wake. Aliukunja mara nne, akausokomeza ndani ya kiatu, akatoka dukani akichechemea kama mtu mwenye mwiba. Alipofika nyumbani hakusalimia. Alivua kiatu mlangoni, akaukunjua ukurasa uliokwisha kushika joto la unyayo, akaulaza mezani mbele ya mama yake.

"Mama, kaa kwanza."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kaa."

Mama Kijino akakaa, mikono bado ina povu la vyombo. Kitinda akasoma kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea. Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kinatangaza filamu za kale zinazokuja, moja kila siku. Kidole chake kiliteremka polepole. Ijumaa, ya majambazi wa reli. Jumapili, ya daktari na mke wa jirani. Kikapanda tena kidogo, kikasimama.

"Jumamosi," akasema. "*Mkoba wa Karani*."

Mama Kijino akajifuta povu kwenye kanga. Nyuma ya pazia la chumbani kitanda kililia, miguu ikatafuta kandambili sakafuni, na Operata, mumewe, akatokea akipapasa ukuta.

"Soma tena," akasema.

Mtaa mzima ulimwita yule mama Mama Kijino, na walio chini ya miaka thelathini hawakujua Kijino ni nani. Wengine walidhani ni utani wa meno yake mwenyewe. Kijino alikuwa binti yake wa kwanza. Alikuwa na miaka sita na pengo la jino la mbele siku watu wa filamu walipofunga barabara kupiga picha ya karani anayekimbiza mkoba wake. Mtoto alichomoka kwenye kundi la watazamaji, akakimbia hadi mbele ya kamera, akasimama, akaikenulia. Mwenye filamu alipiga kelele aondolewe, halafu akacheka, akasema mwacheni, amefaa. Miezi michache baadaye homa ikamchukua Kijino kwa siku tatu, picha haijafika hata sinema. Na ile fotografia yake moja iliyokuwa sandukuni ilikwenda na mafuriko, sanduku na kila kitu.

Kwa hiyo duniani Kijino alikuwa amebaki mahali pawili tu: ndani ya filamu ile, kitambo cha kupiga chafya mbili, na ndani ya jina la mama yake.

Filamu ilipokuja, Operata aliionyesha wiki tisa. Ndiye aliyekuwa mwendesha mashine wa sinema ya mjini, na jina lake la ofisini lilikwisha kusahauliwa hata na yeye. Mkewe hakwenda hata mara moja. Kaburi lilikuwa bado bichi. "Nitaiona ikirudi," alisema. Haikurudi, na ukumbi wenyewe sasa ni ghala la magodoro.

"Mtandaoni haipo," Kitinda alisema. "Nimeitafuta mwaka jana mpaka bando likaisha. Lakini hii hapa, wameandika wenyewe."

"Sura yake imenitoka," Mama Kijino alisema, kama anayekiri wizi. "Nikifumba macho naona paji la uso, naona lile pengo. Katikati hapana kitu. Mama gani mimi?"

Watu wazima wa mtaani huwa wanamwambia Kitinda kwamba anafanana na marehemu dada yake. Zamani mama alikuwa akikataa, anasema yule alikuwa na macho mengine. Siku hizi hakatai. Hana tena la kulinganishia.

"Saa ngapi?" Operata akauliza.

"Wameandika kumi. Kumi, nukta mbili, sifuri sifuri. Basi."

"Saa kumi. Vizuri."

"Lakini baba, hawajaandika asubuhi wala jioni. Kwenye simu hii kumi ni saa nne. Isije ikawa saa nne asubuhi."

Operata alicheka. Miezi mingi hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili, akabaki anaona mwanga na vivuli, na watani wa kijiweni walisema huyo ndiye mtoto pekee aliyekataa kuhama kwake.

"Miaka ishirini na mbili, mwanangu, ubao wa sinema nimeuandika kwa mkono huu. Picha ya saa kumi naandika kumi, sifuri sifuri. Ya saa moja naandika moja. Watu wanakuja, hapotei mtu. Leo wewe na simu yako unifundishe saa ya picha? Asubuhi sinema ni ya panya na mfagiaji."

"Ile ni sinema, baba. Hii ni televisheni."

"Picha ni picha."

Kitinda akamtazama mama, na mama akamwashiria kwa jicho: mwache, leo ana la kujua. Kitinda akaukunja ukurasa. Tangu macho yamfie, baba yake alikuwa haulizwi kitu pale nyumbani isipokuwa kama amekunywa dawa.

*

Televisheni yao ilikuwa imekwenda kwa fundi mwaka juzi na haikurudi. Iliyobaki karibu ilikuwa ya saluni, kioo kipana kama mlango, na mwenyewe Mama Saluni alikuwa mwanamke mwenye roho nzuri ambayo lazima mtaa mzima uisikie.

"Jumamosi?" alipaza sauti Ijumaa ile, kichana mdomoni, vichwa vitatu vinamngojea. "Mama Kijino wangu, Jumamosi ndiyo siku ninayokula! Nizime tamthilia ya wateja niweke picha ya kizee?"

"Ni kitambo kidogo tu, mama. Mwanangu yumo humo."

"Huyu Kitinda? Ameigiza lini?"

"Siyo huyu. Wa kwanza."

Mteja mmoja aliyekuwa na dawa kichwani akageuka. "Kumbe tuna mama wa nyota hapa! Na wewe mwenyewe umo? Au walikukata kwenye picha?"

Wakacheka, Mama Kijino akacheka nao, maana mwombaji hucheka hata asichekeshwe. Alisimama pale pale kizingitini, kanga ameikusanya kifuani.

"Haya," akasema Mama Saluni. "Saa kumi njooni. Sikutozi kitu, mimi siyo mtu wa hivyo. Ila msichana wangu wa taulo ameniacha, na kesho zitajaa. Ukija mapema ukanisaidia zile taulo, tutakuwa hatudaiani, sivyo?"

"Ndivyo kabisa."

"Na chaneli hiyo nitaiweka tangu asubuhi, nisije nikahangaika na rimoti huku watu wamekaa. Unaona ninavyokujali?"

Mama Kijino alitoka pale amesimama wima zaidi ya alivyoingia. Njia nzima alialika. Alimwalika muuza mkaa, akamwalika shemeji yake asiyesemezana naye tangu ugomvi wa choo, akamwalika Fundi Saa aliyekuwa amejibanza kibandani, lenzi jichoni, anachokoa tumbo la saa ya mtu.

"Kesho saa kumi, Fundi. Unakuja kumwona mwanangu."

"Nitakuja, dada," Fundi Saa akasema bila kuinua kichwa. "Saa kumi ni saa kumi."

*

Jumamosi asubuhi alifika saluni kabla jua halijawa kali. Uani palikuwa na makarai mawili na kilima cha taulo zilizoshika rangi na mafuta ya watu. Akapanga kigoda chini ya dirisha, akakunja mikono, akaanza.

Saa ya mwanzo ilipita na uvumi wa mashine za kukaushia nywele. Halafu televisheni ya ndani ikaanza kuimba. Kinanda kwanza, taratibu kama mtu anayepanda ngazi, halafu filimbi ikaja juu yake ikicheza. Ulikuwa wimbo mzuri. Haukuwa kama kelele za matangazo. Mama Kijino alijikuta anakamua taulo kwa mwendo wake, kinanda akikunja, filimbi akikamua.

Alipomaliza karai la kwanza alichukua zilizokauka akazunguka hadi mlango wa mbele. Alitaka pia kuona viti, ajue Operata atakaa wapi. Hakuwa amevuka kizingiti.

"Wee wee wee!" Mama Saluni aliruka. "Na miguu hiyo ya maji? Nimepiga deki sasa hivi! Nipitishie dirishani, mama yangu."

"Nilitaka kuangalia tu pa kukaa."

"Pa kukaa pa saa kumi patafutwe saa nne? Nenda kazimalize, bado kuna za kina bibi harusi."

Akarudi uani. Akapitisha taulo kwenye upenyo wa dirisha, chini ya pazia, na mkono wa ndani ukazipokea bila asante. Akakaa tena. Ndani watu walikuwa wakifuata filamu, wanamshangilia mtu mmoja na kumtukana mwingine. Kuna mahali walicheka wote pamoja, kicheko cha ghafla, kitamu, cha watu walioona kitu wasichokitarajia. Mama Kijino naye akatabasamu huko nje, mikono ndani ya povu, kwa sababu kicheko huambukiza. Akajisemea kwamba jioni watacheka hivyo hivyo wakimwona Kijino, na wala hatawakasirikia.

*

Saa tisa na nusu saluni ilikuwa imejaa kama nyumba ya arusi. Waliokosa viti walikaa kwenye ndoo, muuza mkaa akasimama mlangoni asije akachafua ukuta, na shemeji alikuja, akasalimia kwa kidevu. Kitinda alikuwa ameomba ruhusa dukani akakatwa nusu siku. Operata walimweka kiti cha mbele, kile cha kuzunguka, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya kwapa. Aliinua uso kuelekea kwenye mwanga wa kioo kama mtu anayeota jua.

"Ikianza, mnyamaze," aliwaambia. "Inaanza na kinanda, inakuja filimbi. Karani anashuka ngazi. Kijino anakuja mwisho wa riili ya tatu, ule mkanda wa tatu, kama nusu saa hivi. Nitawaambia."

"Sawa, bosi," watu wakasema, na safari hii hapakuwa na utani ndani yake.

Saa kumi ikafika. Televisheni ikapiga ngoma, ikapuliza baragumu, na sauti ya mwanamume ikaanza kubwata kuhusu mabingwa. Wanaume wawili wenye misuli walipanda ulingoni. Ilikuwa mieleka.

"Tangazo," mtu akasema.

Wakangoja. Mmoja akabebwa akatupwa chini. Mtoto akashangilia akapigwa kofi la mgongo.

"Hii siyo," Operata akasema.

"Subiri baba."

"Nasema hii siyo. Yenyewe inaanza hivi." Na akauvumisha wimbo wenyewe, mzee yule, kwa pua, kwanza kinanda kinapanda ngazi, halafu akaukaza mdomo akapiga mluzi wa filimbi.

Mama Kijino alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Mikono yake, iliyokuwa imekauka na kukunjamana kwa sabuni ya asubuhi, ilianza kuzunguka yenyewe hewani, kama inakamua.

"Huo wimbo nimeusikia leo," akasema. "Asubuhi. Nikiwa na taulo."

Yule mbwataji wa mieleka aliendelea kubwata peke yake. Fundi Saa aliomba ule ukurasa wa gazeti. Alivaa miwani, akausoma, akaufuata kwa kidole hadi chini, akafikicha paji la uso.

"Hii kumi siyo kumi yetu," akasema polepole. "Hii ni kumi ya mshale. Mshale ukikaa kwenye kumi, sisi kwa mdomo tunasema saa nne. Nawaeleza watoto kila siku pale kibandani." Akakunja karatasi. "Na mimi jana nimeambiwa saa kumi, nikasema saa kumi ni saa kumi. Mimi, fundi wa saa."

Kitinda hakusema "nilisema." Baba yake alingoja aseme. Aligeuza uso kila upande kuitafuta ile sauti, apate walau wa kumkaripia, lakini msichana alikuwa amekwisha kutoka nje na simu sikioni kuwapigia watu wa kituo.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Saluni, na mkono ukamwenda mdomoni. "Nyeusi na nyeupe? Ya mtu anakimbiza begi? Mbona tumeitazama hiyo! Mimi nilijua ni nyingine, kwamba yenu ya saa kumi. Wallahi nilikuwa na kichwa cha bibi harusi mkononi. Eh, na katoto! Kuna katoto kakaja hivi, kakasimama, kakatukenulia pengo. Tulicheka sisi!"

Mama Kijino alimwendea, akamshika mikono yote miwili, na kizingiti na deki vikasahauliwa.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, dada yangu."

"Alikuwaje? Niambie. Macho yake yalikuwaje?"

Mama Saluni alijitahidi. Hakuwa mtu mbaya. Alifumba macho, akayakaza, akatafuta mle ndani kati ya rangi za kucha na rasta na vichwa vya watu.

"Kalikuwa... katoto tu," akasema. "Kana pengo. Sikukaangalia sana, dawa ilikuwa inamchoma mtu."

Wateja wengine waliokuwapo asubuhi nao hawakukumbuka. Mmoja alisema kalikuwa na gauni, mwingine akasema kaptula. Walianza kubishana, kwa nia njema kabisa, na kwa kila neno walilolisema mama wa mtoto aliyumba kidogo.

Kitinda akarudi. Hakuhitaji kusema, lakini alisema, kwa sababu mama alimtazama.

"Hairudiwi. Wanasema wamepewa ruhusa ya kuionyesha mara moja. Nikawaomba niende hata ofisini kwao niitazame. Kaka wa simu akaniuliza mimi ni mwandishi? Nikasema mimi ni ndugu wa mtu aliyemo. Akaniuliza mhusika mkuu? Nikasema hapana, ni mtoto anayepita. Akasema, dada, kuna watu kwenye laini."

Walitoka mmoja mmoja wakisema pole, kama wanavyotoka msibani. Shemeji, aliyekuwa hasemi, alimgusa bega. Muuza mkaa peke yake alibaki mlangoni, amesahau kuondoka, anatazama mieleka.

*

Nyumbani, jua likielekea kuzama, Operata alikaa kitandani na shati lake jeupe. Hakuvua. Mkewe alivuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yakagusana.

"Sikulaumu," akasema.

"Nilaumu."

"Sikulaumu, baba Kijino. Nataka kitu kimoja tu. Mimi nilikataa kwenda, ni kosa langu, na nimelibeba. Lakini wewe ulimwona. Wiki tisa, mara mbili kwa siku. Kila ukirudi nilikuuliza, ukasema nimemwona, anacheka. Nilikuwa nalala kwa neno hilo. Sasa nieleze vizuri, kidogo kidogo. Anza na macho."

Operata akapapasa vifungo vya shati, na Kitinda, aliyekuwa akiwasha jiko mlangoni, akageuka kutazama.

"Anatokea mwisho wa riili ya tatu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mwisho wa riili, operata haangalii picha."

"Una maana gani?"

"Kuna alama. Duara dogo linapiga kwenye kona ya juu, kulia. Likipiga mara ya kwanza unawasha mashine ya pili, yenye riili inayofuata. Likipiga mara ya pili unabadilisha. Ukipepesa jicho umelikosa, skrini inakuwa nyeupe, ukumbi mzima unakupigia mluzi na meneja anapanda ngazi." Alinyanyua mkono, akaonyesha hewani, juu, kulia, bila kukosea, kama duara lenyewe liko pale ukutani. "Yeye anasimama katikati. Mimi naangalia pale."

Mama Kijino aliutazama ule mkono.

"Siku zote?"

"Siku moja nilisema potelea mbali, leo namwangalia mwanangu. Ilikuwa wiki ya pili. Macho yakajaa maji kabla hajafika katikati. Nikaona kitu kinang'aa tu. Halafu ikawa nyeupe. Walipiga mluzi, nikakatwa siku tatu. Nilikuwa na wewe nyumbani, hujala. Sikujaribu tena."

"Lakini ulisema anacheka."

"Nilisikia watu wanacheka. Kila siku, pale pale, ukumbi ulikuwa unacheka. Nikajua anacheka na yeye."

Mkono ulikuwa bado juu. Mkewe aliushika, akauteremsha, akauweka kwenye goti lake mwenyewe, maana ulionekana umechoka. Walikaa hivyo. Mwanga wa mlangoni ulipungua mpaka na yeye, mwenye macho, akawa anaona vivuli tu.

Nje mtu alikuwa anakuja kwa haraka, viatu vinagonga. Ilikuwa sauti ya Mama Saluni, imelainishwa kidogo kwa yaliyotokea, lakini hesabu ni hesabu.

"Mama Kijino! Samahani kwa usumbufu, mama. Nimezihesabu, taulo moja nyeupe haipo. Hukuiona?"

Mama Kijino alitazama ukutani, juu, kulia, pale mkono wa mumewe ulipokuwa umeonyesha.

"Hapana," akajibu. "Sikuiona."